Firigisi za Minana wa Mahurunga

Siku mliyoniaga, yule afisa wenu wa zao la mpunga alisimama na soda mkononi akasema ya chuoni ameshayasahau karibu yote, ila swali la Bi Rukia hatalisahau mpaka naye astaafu. Akauliza ukumbi, "Swali gani?" Mkaitikia kwa pamoja, "Mliwatega kwa chambo gani?" Mkapiga makofi, mkanivisha kanga, mkanikabidhi saa ya ukutani, nami nikacheka na kushukuru kama inavyotakiwa. Nilipofika nyumbani Chikongola nilishindwa kula.

Baadaye mkanipigia simu mkitaka niandike mambo ya kazini yasije yakapotea. Haya, naandika. Vyeo sitaviandika. Vimo kwenye jalada langu, na jalada limo kwenye lile kabati ambalo ufunguo wake ulipotea kabla baadhi yenu hamjazaliwa. Mshahara nao hauna hadithi. Nitaandika habari za ndege mmoja, mnana, na za mwanamke mmoja mkulima wa Mahurunga anayeitwa Somoe, ambaye nilimwonea wivu tangu nikiwa mgeni kazini hadi nimekuwa bibi wa wajukuu. Lile swali mnalonisifia ni lake. Nilimwibia, na kabla sijamwibia nilimtia aibu kwa sababu yake mbele ya kijiji kizima.

Nilianza kazi nikiwa na cheti kipya na viatu visivyofaa. Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Bwana Chitanda, bwana shamba wa siku nyingi, mtu mwembamba aliyekuwa akitembea huku anaangalia juu, kwa hiyo alijikwaa kila mahali. Siku ya kwanza hakunionyesha hata meza. Alinipakia nyuma ya pikipiki tukaenda Mahurunga, kwenye mashamba ya mpunga ya bondeni karibu na Ruvuma. Njia ilikuwa ya mchanga, tukaanguka mara mbili. Mara ya pili hakuinuka upesi. Alibaki amekaa chini akinionyesha kundi la ndege kwenye nyasi, wote rangi ya majani makavu.

"Hao nani?"

"Minana," nikasema, kwa furaha ya kujua. "Majike."

"Wote?"

"Wote. Dume ni wa manjano."

"Basi wanazaana vipi?" akauliza, akaanza kujipangusa mchanga.

Ndipo aliponieleza kwamba dume wa mnana akimaliza msimu wa kuzaa huyavua yale manjano yake, akafanana na mke wake, mpaka mvua nyingine. Nimeona maafisa waliostaafu bila kulijua hilo, kwa hiyo ninyi mkilijua mmeshapiga hatua.

Zana zetu zilikuwa chache. Wembe wenye mpini, kibano, kioo cha kukuzia, chupa ya spiriti, na sahani nyeupe ya bati yenye ukingo wa buluu, ile ile ya kulia wali. Ukitaka kujua ndege amekula nini, unapasua firigisi. Unaipasua pembeni, kwenye ule mshono, si katikati. Ukipasua katikati kila kitu kinachanganyika. Kitu cha kwanza utakachokutana nacho ni changarawe, ambazo ndege huzimeza ili zimsagie chakula. Usiandike changarawe kama chakula. Kuna mwenzetu mmoja aliandika, na jina la utani alilopewa alizikwa nalo. Halafu unamwaga maji kidogo, unatenganisha: punje huku, miguu ya panzi huku, vichwa vya viwavi huku, maana kichwa cha kiwavi ni kigumu na hubaki hata mwili ukishasagika. Kazi hii ina harufu yake, na mikono itanuka mpaka usiku. Lakini niliipenda tangu siku ya kwanza, na kwenye sahani hakuna aliyenishinda, Chitanda mwenyewe alikiri.

Kilichonishinda kilikuwa nje ya sahani. Siku ile ile ya kwanza, baada ya kujipangusa, Chitanda alinipeleka kwa Somoe. Msimu haukuwa wa mpunga, lakini mwanamke huyu alikuwa dunguni kwake, kile kibanda cha juu ya nguzo ambamo watu wa bondeni hukaa kutwa nzima kuamia, yaani kufukuza ndege wasile mpunga. Wenzake wote walikuwa wameyahama madungu yao hadi msimu urudi. Yeye alikuwa anasuka mkeka humo na kuangalia. Alinizidi mwaka mmoja au miwili tu. Alikuwa na kombeo lililoning'inia shingoni, na kutoka dunguni kwake kamba zilikwenda pande zote za shamba, kila moja na makopo yake ya kutikisa.

Tulirudi tena mvua zilipoanza, na hapo ndipo niliposikia alivyokuwa akisema. Kando ya shamba lake kulikuwa na mgunga mkubwa ulioinamia maji, na minana walikuwa wameanza kujenga. Madume sasa ya manjano, uso mweusi, kila mmoja kaning'inia kichwa chini kwenye ncha ya tawi akifuma majani mabichi kwa mdomo.

"Huyo anajenga," Somoe aliniambia, akionyesha kwa kidevu. "Huyo wa pili anangoja atoke, anwibie. Tazama."

Kweli, yule wa kwanza aliporuka kwenda kuchana jani la mpunga, jirani akasogea, akachomoa uzi mmoja mrefu, akaenda kuufuma kwake.

"Mwenyewe akirudi?"

"Anapiga kelele, halafu anakwenda kunwibia wa tatu. Hao ndo walivyo." Alicheka kidogo. "Jike naye akija hasemi neno. Anavuta nyuzi. Zikikatika, kwaheri. Kiota kikikaa mpaka kikauka na nke hajapatikana, dume anakifumua mwenyewe, anaanza kingine. Yule pale leo kafumua mara ya tatu."

"Umejuaje kuwa ni yule yule?"

"Ana kidole pungufu, nguu wa kushoto."

Nilimwangalia yule ndege kwa macho yangu mawili ya serikali, nikamwangalia mpaka machozi yakanitoka, sikuona kidole. Chitanda alikuwa anaandika kila alichosema Somoe, akitikisa kichwa kama mtu anayekula chakula kitamu. Mimi alikuwa hajawahi kuniandika. Wivu wangu ulianzia hapo, kwenye kidole cha ndege, na kama mnaona ni jambo dogo, subirini wa kwenu uwapate kwa jambo dogo.

Uliendelea kukua kwa sababu kila kitu kiliulisha. Nikitoa maelekezo ya kupanda, wakulima walinisikiliza kwa heshima zote, "ndiyo bibi shamba, tumekuelewa bibi shamba," kisha nawaona wakipita kwa Somoe kumuuliza kama ni kweli. Akisema ni kweli, wanapanda. Nikirudi ofisini na firigisi zangu zilizochambuliwa vizuri, Chitanda alikuwa akisema, "Safi. Somoe anasemaje?" Nilikuwa na cheti. Yeye alikuwa na mkeka usiokwisha na makopo. Nilimchukia kwa adabu, nikimsalimia kwanza, nikimletea sabuni kutoka mjini, kisha nikirudi njia nzima roho inaniuma.

Halafu Chitanda akastaafu. Alikuwa na darubini yake mwenyewe, ya zamani, nzito, ambayo hakumwachia mtu hata dakika moja. Nilijua ni yangu. Nani mwingine? Nilikuwa nimeshaanza kuitafutia mkoba. Wiki ya mwisho akaniomba tufuatane Mahurunga, na pale chini ya dungu akaivua shingoni, akampandishia Somoe juu.

Njiani kurudi nilinuna, naye akaona.

"Wewe una sahani yako," akasema. "Yule ana muda wa kuangalia."

Mpaka leo sijui kama alikusudia kunifundisha au kuniumiza. Amefariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na swali hilo kaondoka nalo.

Sasa nije kwenye lile shauri.

Msimu mmoja, mpunga ukiwa unatunga maziwa, wakulima wa bondeni walikuja ofisini na malalamiko. Minana wa ule mgunga walikuwa wengi kuliko mwaka wowote wanaoukumbuka, na kijiji kilitaka kuukata mti na kuvichoma viota vyote. Wengine wao, nadhani, waliutaka ule mti kwa mkaa tangu zamani. Ofisi ikaniambia niende nipime: minana wanakula nini? Nikisema mpunga, mti unakatwa. Nikisema vinginevyo, unabaki. Shamba la Somoe ndilo lililokuwa chini ya mti huo, na Somoe alishawaambia watu kwamba mti usiguswe.

Nilikwenda na sahani yangu. Hapo nikakutana na ugumu ambao hutaukuta kwenye kitabu. Watu wa Mahurunga hawakupi ndege mzima. Ndege akikamatwa anachinjwa kwa bismillahi, ananyonyolewa, anaingia chunguni. Afisa anayetaka kumchukua akamtie kwenye chupa ya spiriti anaonekana hana adabu na nyama. Tukaafikiana, nyama yao, firigisi zangu. Tenga lilikuwa la mwenyekiti wa kijiji. Waliliegemeza kwenye kijiti chenye kamba ndefu, mtu akajificha nyuma ya tuta. Wakaniambia, bibi shamba, tenga tupu halimwiti ndege. Nikawapa mpunga kibaba kimoja, kutoka kwenye mbegu za ofisi.

Jioni zikaja firigisi kwenye jani la mgomba. Nikakaa na wembe wangu. Ya kwanza mpunga, ya pili mpunga, ya tatu mpunga, mpaka ya mwisho, mpunga mtupu, punje zilizomenywa maganda vizuri kama za kupika. Mnaona tayari nilipokosea. Mimi ninayewaambia msiandike changarawe kama chakula niliandika chambo kama chakula. Wallahi siku ile sikuliona. Nilichokiona ni kwamba Somoe kakosea, na sahani yangu imemshinda. Nililala usingizi mzuri kuliko wa miezi mingi.

Mkutano ulifanyika kesho yake kwenye ghala la mpunga. Niliiweka sahani juu ya meza watu wote waione, nikaeleza, nikaeleza vizuri, naweza kusema hivyo. Watu wakanong'ona, wakakubali. Mwenyekiti alikuwa ameshasimama kufunga mkutano Somoe alipoinuka kutoka upande wa wanawake akaja mpaka mezani. Hakuniangalia. Aliokota punje moja, akaiachia ianguke kwenye sahani. Ikalia.

"Huu nkavu," akasema.

"Ni mpunga, dada."

"Naona ni mpunga. Wangu mimi nikiubonya unatoa maziwa. Wa mwenyekiti pia maziwa. Bonde zima maziwa. Huu nkavu wameupata wapi?"

Ndipo akaniangalia, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka tu kujua.

"Mliwatega kwa chambo gani?"

Naandika kama ilivyokuwa. Niliujua ukweli pale pale. Niliuona mkono wangu ukipima kile kibaba. Niliona pia kwamba nilikuwa na chuo, na kioo cha kukuzia, na firigisi zote zile, na yeye kwa punje moja ameshaona. Nikikubali, kuanzia siku ile hakuna mtu wa bonde hili atakayeniuliza kitu tena, wataniletea salamu tu. Wivu ulinizidi nguvu. Mwenyekiti, mwenye tenga, alikuwa anaangalia dari.

"Dada Somoe," nikasema, "haya ni mambo ya kitaalamu. Mtu kuwa na darubini hakumfanyi kuwa na maabara."

Watu wakacheka. Kicheko kilianzia kwa wanaume waliotaka mkaa, kikaenea. Somoe alingoja kiishe.

"Wanakula," akasema. "Sijasema hawali. Siku hizi za maziwa wanakula, ndo maana tunakaa dunguni. Mimi nimeuliza chambo."

Akarudi akakaa. Hakuna aliyelirudia swali lake, na mimi nikazifungia firigisi zangu kwenye chupa.

Asubuhi yake waliukata. Mgunga mti mgumu, hawakulimaliza shina; walikata matawi yote yaliyoinamia maji, wakayavuta ukingoni na viota vikining'inia. Majike walikuwa wakiruka juu yetu na kupiga kelele, na nikaona, kwa sababu sasa nilikuwa nimelazimika kuangalia, kwamba kila mmoja alikuwa na kitu mdomoni, na hakuna aliyekuwa na punje. Nilivaa buti na kushika daftari. Somoe alikuja akitembea kati ya matawi, akaokota kiota kimoja, akakipasua kwa vidole. Ndani kulikuwa na makinda, bado hawana manyoya. Akamchukua mmoja akaja naye mpaka nilipo, akaniwekea kiganja chake karibu na uso. Kinda alikuwa amefungua mdomo, na kiwavi wa kijani alikuwa nusu ndani, nusu nje, bado anajinyonga.

"Na huyu npasue, bibi shamba," akasema.

Sikumpokea. Akasimama kidogo, kisha akaenda zake naye.

Nataka mlielewe jambo hili kitaalamu, maana ndilo la kuwafaa. Mnana mkubwa ni mla mbegu, na mpunga wako anaula, hasa ukiwa maziwa. Lakini kinda wake hawezi mbegu. Siku zake za kwanza analishwa viwavi, panzi, kumbikumbi, vitu laini, kutwa nzima, na jike ndiye anayetaabika zaidi kuvitafuta. Anavitafuta karibu, kwenye shamba lile lile. Kwa hiyo mti wa minana juu ya shamba lako una hasara na una faida, na anayekupa upande mmoja tu kakupa nusu ya hesabu. Haya yote Somoe aliyajua akiwa anasuka mkeka. Mimi niliyajua baada ya kukata matawi.

Mwaka uliofuata viwavi waliingia bondeni. Wadudu wana misimu yao, na mimi sina sahani ya kupasulia msimu, kwa hiyo sitasema ni kwa sababu ya mti. Ninachojua ni kwamba shamba la Somoe ndilo lililoliwa kwanza, na lililiwa vibaya. Alivuna cha kula tu, na mpunga wake ulikuwa ukienda mpaka Mikindani. Nilikwenda kukagua hasara. Alinikaribisha, akanipa maji, akanionyesha mistari iliyoliwa mmoja baada ya mwingine, na hakutaja mti hata mara moja. Laiti angenitukana. Nilitoka pale nikimwonea wivu hata huo uvumilivu, na ripoti yangu sikuisahihisha. Imo kwenye lile kabati.

Wizi wenyewe niliufanya miaka kadhaa baadaye, mjini, kwenye semina ya maafisa wapya. Jamaa mmoja alikuwa anatoa taarifa ya kunguru wa Msimbati. Amepasua matumbo, kakuta samaki watupu, akahitimisha kwamba kunguru wa pwani anaishi kwa samaki. Nilikuwa nimekaa mbele. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mliwatega wapi, na kwa chambo gani?"

Akababaika. Waliwatega kwenye vichanja vya kuanikia dagaa, chambo dagaa. Chumba kizima kikageuka kuniangalia, kisha kalamu zikaanza kuandika. Aliyeongoza semina akasema, "Hilo ndilo swali," akaliandika ubaoni na jina langu mbele yake. Ilikuwa tamu. Sitawadanganya, ilikuwa tamu kuliko chochote nilichowahi kupewa kazini, na nilikuwa na nafasi ya kusema, "Si langu, ni la mkulima mmoja wa Mahurunga." Nikakunja mikono na kutabasamu. Toka hapo likawa langu. Mlilikuta limebandikwa ukutani ofisini, mkalifundisha wengine, mkaliimba siku ya kuniaga.

Ndiyo maana sikula siku ile. Wiki ya pili ya kustaafu nikakodi bodaboda mpaka Mahurunga. Nilikwenda kumwambia kila kitu, kuanzia kibaba.

Mgunga ulishachipua zamani, umepanuka upande wa maji kama hakuna kilichotokea, na viota vimejaa. Dungu la Somoe limejengwa upya kwa miti myembamba zaidi. Kwenye nguzo yake, nikaiona ile darubini. Ilikuwa inaning'inia kwa kipande cha kanga, inazunguka na upepo, na kila jua lilipopiga kwenye vioo vyake minana wa karibu walishtuka wakaruka.

Somoe alikuwa chini, anamenya muhogo. Amezeeka vizuri kuliko mimi, hilo nalo nililiona mara moja.

"Bibi shamba," akasema. "Umenenepa. Karibu nkeka."

Nikamwamkia, nikakaa. Tukaulizana hali za wajukuu, korosho za mwaka huu, magoti. Nikamuuliza kuhusu darubini, kwa nini kaifanya ya kutishia ndege.

"Nikiangalia nayo naona ndege mmoja," akasema. "Bila nayo naona wote. Lakini inang'aa vizuri. Nilitaka siku nyingi nikurudishie wewe, naona uliipenda. Nikasema labda una yako."

Kisha nikachukua kisu cha pili na muhogo, ili nisimtazame, nikaanza. Nikamkumbusha mwaka ule wa mti. Mti aliukumbuka, na makinda aliyakumbuka, hata idadi ya siku walizoishi wale aliojaribu kuwalea. Mkutano wa ghalani hakuukumbuka.

"Mikutano ilikuwa mingi," akasema.

"Nilikujibu vibaya. Watu wakakucheka."

"Mimi?" Akafikiri. "Sijui. Watu wanacheka."

Basi ikabidi nianze mbali, nimsimulie kama mtu ambaye hakuwapo. Nikamwambia kwamba ofisi ilinituma kupima minana wanakula nini. Kwamba nilipasua firigisi zile zote jioni moja, na zote zilijaa mpunga, mpunga mkavu, na shamba wakati ule lilikuwa bado maziwa.

Kisu chake kikasimama. Akakunja uso, akaangalia mashamba, kisha akaniangalia mimi, kwa macho yale yale ya siku ile, bila ubaya wowote.

"Mliwatega kwa chambo gani?" akauliza.

Wivu ukanipanda pale pale, mbichi kama wa ghalani. Mimi nilikuwa nimelibeba swali hilo nusu ya maisha yangu, limenilisha, nimepewa saa ya ukutani kwa ajili yake, na yeye hakuwa hata nalo. Alilipata upya, muhogo mkononi, kwa sababu aliona tu.

Safari hii nilimjibu.

"Kwa mpunga, dada," nikasema. "Niliwapa mimi."